Faili Likifutwa, Ni Nini Hasa Kinachofutwa?

Chukua folda yenye video za gigabaiti 15. Kuinakili kwenye diski kuu inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huchukua sekunde 100 kwa uchache, na kwa kawaida huchukua zaidi, maana diski haikimbii kwa kasi yake ya juu muda wote. Kuifuta folda hiyohiyo ni kufumba na kufumbua. Tofauti hiyo ya muda ni ushahidi ambao kila mwenye kompyuta anao mkononi: kama kufuta kungekuwa kuondoa kilichoandikwa, kungechukua muda uleule uliotumika kuandika, kwa kuwa kichwa cha diski kingelazimika kupita tena juu ya maeneo yaleyale yote. Basi kinachofanyika ni jambo dogo zaidi, na hufanyika mahali pengine kwenye diski, mbali na video zenyewe.

Watu wengi wamekwisha kusikia hivyo, na wametoka hapo na kanuni mbili zinazopingana. Wengine husema kwamba kitu kilichofutwa hakipotei kamwe, wengine kwamba ukishamwaga pipa la taka huna lako. Kanuni zote mbili ni kweli mahali fulani na uongo mahali pengine, kwa sababu faili si kitu kimoja. Lina jina, lina rekodi inayoeleza lilipo, na lina yaliyomo. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu huondoka kwa wakati wake na kwa njia yake, na aina ya diski ndiyo inayoamua kipi kitadumu.

Tuanze na diski kuu ya sumaku, ile yenye sahani zinazozunguka, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za mezani na laptopu za zamani. Juu ya sahani hizo data huandikwa katika sekta, zenye baiti 512 kila moja kwenye diski za zamani na 4,096 kwenye nyingi za sasa. NTFS, mfumo wa faili unaotumiwa na Windows, haushughulikii sekta mojamoja bali huzikusanya katika klasta, na ukubwa wa kawaida wa klasta ni baiti 4,096. Diski ya terabaiti 1 ina klasta zipatazo milioni 244, na hakuna hata moja kati ya hizo inayobeba jina la mwenyewe. Ukiisoma klasta peke yake unapata baiti tu. Haikuambii ni ya faili gani, wala kama inatumika leo au iliachwa wazi miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo mfumo wa faili hutunza kumbukumbu zake kando. Ya kwanza ni jedwali kuu la mafaili, ambalo wataalamu huliita MFT, lenye rekodi ambayo kwa kawaida ni ya baiti 1,024 kwa kila faili: jina, tarehe, ukubwa, na orodha ya klasta ambamo yaliyomo yamehifadhiwa. Ya pili ni ramani ya biti, ambamo kila klasta ina biti moja tu, 1 ikiwa imechukuliwa na 0 ikiwa wazi; kwa diski ya terabaiti 1 ramani hiyo nzima haizidi sana megabaiti 30. Ya tatu ni faharasa ya kila folda, inayotaja mafaili yaliyomo ndani yake. Mtumiaji anapofuta, hizi tatu ndizo zinazoguswa.

Tuchukue mkataba wa pango ulioandikwa kwa Word, faili la docx lenye baiti 83,000. Litachukua klasta 21: ishirini zimejaa, na ya mwisho ina baiti 1,080 tu, na nafasi iliyosalia ndani yake haipewi faili lingine lolote. Mwenye faili akilichagua na kubonyeza kitufe cha Delete, Windows hulihamishia kwenye folda iliyofichwa iitwayo $Recycle.Bin, na tangu Windows Vista hulipa jina jipya linaloanza na $R likifuatiwa na herufi na tarakimu sita za kubahatisha, tuseme $R7K2QXM.docx. Pembeni yake huzaliwa faili dogo liitwalo $I7K2QXM.docx, ambamo huandikwa jina la zamani, folda lilikotoka, ukubwa wake, na saa lilipofutwa. Kati ya klasta 21 za mkataba, haikusogea hata moja. Ndiyo maana kurejesha faili kutoka kwenye pipa la taka ni kazi nyepesi, na ndiyo maana pia wanaofuta filamu ili kupata nafasi hushangaa kuona diski imejaa vilevile hadi watakapolimwaga pipa. Faili linalofutwa kwenye flashi kwa kawaida halipiti huko kabisa, sawa na lile linalofutwa kwa kubonyeza Shift pamoja na Delete.

Pipa likimwagwa, jina huondolewa kwenye faharasa ya folda; alama kwenye rekodi ya MFT hubadilishwa ili rekodi ihesabiwe kuwa wazi; na biti 21 kwenye ramani hugeuzwa kutoka 1 kuwa 0. Basi. Baiti 83,000 za mkataba, pamoja na majina ya mpangaji na mwenye nyumba, kiasi cha kodi na namba za simu, zimebaki palepale, na rekodi iliyotangazwa kuwa wazi bado ina orodha ya klasta zake. Ni sawa na mtunza ghala aliyepiga mstari jina la mwenye mzigo kwenye leja bila kuingia ghalani: mzigo upo, ila atakayekuja na mzigo mpya ana ruhusa ya kuchukua mahali pake.

Programu ya kurejesha mafaili haina uchawi wowote. Husoma MFT kutoka mwanzo hadi mwisho, hutafuta rekodi zilizo wazi, huchukua orodha ya klasta kwenye kila moja, na kunakili klasta hizo kwenye diski nyingine. Hapa pana jambo ambalo wachunguzi hulipenda. Faili dogo sana, la baiti mia saba hivi kushuka chini, halipewi klasta yoyote. NTFS huliweka ndani ya rekodi yenyewe ya MFT. Lile faili la $I, lenye jina la zamani na saa ya kufutwa, kwa kawaida ni dogo kiasi hicho. Kwa hiyo hata baada ya pipa kumwagwa, mara nyingi inawezekana kuonyesha kwamba mkataba ulikuwepo, jina lake lilikuwa lipi, ulikaa folda gani, na ulifutwa saa ngapi na dakika ngapi. Vivyo hivyo kwa yale maandishi mafupi ya Notepad ambamo watu huhifadhi nywila zao: hayamo kwenye nafasi wazi ya diski, yamo ndani ya jedwali, na programu inayojisifu kwamba inasafisha nafasi wazi inaweza kuyapita bila kuyagusa.

Mifumo mingine ya faili ina tabia zake. Katika FAT, iliyotumika enzi za MS-DOS na ambayo toleo lake la FAT32 bado lipo kwenye flashi na kadi nyingi za kamera, herufi ya kwanza ya jina hufunikwa kwa baiti moja yenye thamani maalumu, na mnyororo unaounganisha klasta za faili hufutwa. MS-DOS 5 ya mwaka 1991 ilikuja na amri ya UNDELETE, ambayo ingekuonyesha faili la BARUA.TXT kama ?ARUA.TXT na kukuomba uikumbuke herufi iliyopotea. Kwa vile mnyororo haupo tena, programu hulazimika kukisia kwamba klasta za faili zilifuatana. Ukisiaji huo hufaulu sana kwa picha zilizopigwa mfululizo kwenye kadi tupu, na hushindwa kwa mafaili yaliyokuwa yakirekebishwa kila siku. Ext4 ya Linux husafisha orodha ya vipande ndani ya rekodi yenyewe, na hiyo ndiyo sababu kurejesha faili huko ni kugumu kuliko kwenye Windows ingawa yaliyomo yamebaki kwenye sahani vilevile.

Yaliyomo huondoka lini, basi? Pale klasta zake zinapoandikiwa kitu kingine, na hakuna anayeweza kuitaja siku hiyo mapema. Windows huandika usiku na mchana bila kuombwa: masasisho, kumbukumbu za matukio, mabaki ya kurasa za intaneti, data inayohamishwa kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwenye diski iliyojaa asilimia 95, klasta iliyoachwa wazi huchukuliwa haraka. Kwenye diski yenye nafasi tele inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Ushauri wa mafundi wazuri, kwamba uzime kompyuta mara moja, utoe diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine, unatokana na hili tu. Mtu anayepakua programu ya kurejesha mafaili na kuisakinisha kwenye diski ileile anayotaka kuiokoa anaweza kuwa anaandika juu ya kile anachokitafuta, na ajabu ni kwamba maelekezo mengi yanayosambaa mtandaoni huanza na hatua hiyohiyo.

Kuandikiwa nako kunaweza kuwa kwa sehemu. Faili la docx kwa ndani ni kifurushi cha zip, na zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni, si mwanzoni. Katika mkataba wetu, orodha hiyo imeangukia kwenye klasta ya 21 au karibu nayo, klasta yenye baiti 1,080. Ikiandikiwa hiyo moja tu, Word itakataa kulifungua faili na kutangaza kwamba limeharibika, ingawa klasta 20 zilizotangulia ni nzima na mtu mwenye ujuzi anaweza kuyatoa maneno ya mkataba humo. Kinyume chake, faili la maandishi matupu likipoteza klasta tano za katikati, zilizobaki husomeka bila shida yoyote. Hivyo programu inayosema faili limerejeshwa na Word inayosema halifunguki zinaweza kuwa zinasema kweli zote mbili. Na hata klasta iliyopewa faili jipya si lazima iwe imeandikiwa yote: faili jipya likiishia katikati ya klasta, mabaki ya faili la zamani yanaweza kusalia katika sehemu ya mwisho, na wachunguzi huisoma sehemu hiyo kwa makusudi.

Rekodi ya MFT ikishapewa faili lingine, njia ya orodha imefungwa, lakini iko nyingine. Mafaili mengi huanza kwa alama inayojulikana. Picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF na kuishia na FF D9. PDF huanza kwa herufi %PDF. Zip, na kwa hiyo docx, huanza kwa PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeubuni muundo huo. Programu kama PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier na inayotolewa bure, hupita kwenye diski sekta kwa sekta ikizitafuta alama hizo, bila kujali mfumo wa faili unasema nini. Inachokipata hakina jina, tarehe wala folda, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa kwenye rekodi. Unaishia na picha elfu kadhaa zenye majina ya namba. Na kama faili lilikuwa limetawanyika vipandevipande, picha hutoka nusu yake ya juu ni harusi na nusu ya chini ni rangi zisizo na maana.

Kuna jambo la tatu linalosahauliwa kirahisi, nalo ni nakala. Word huandika mafaili ya muda wakati unaendelea kuchapa. Windows hutunza picha ndogo za kila folda uliyoifungua. Mfumo unaweza kuwa na picha ya hali ya diski ya wiki iliyopita kwa ajili ya marejesho. Na barua pepe uliyoituma ipo kwa aliyeipokea. Novemba 1986, kashfa ya Iran-Contra, ya Marekani kuiuzia Iran silaha kwa siri, ilipoanza kufichuka, Oliver North wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani alifuta ujumbe wake kwenye mfumo wa barua pepe wa Ikulu ulioitwa PROFS. Nakala rudufu za mfumo huo zilikuwa zimehifadhiwa, na wachunguzi wakausoma ujumbe ule mwaka uliofuata.

Kisa cha Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, kinaonyesha vizuri zaidi jinsi kilichofutwa kinavyoweza kumponza mwenyewe. Muuaji aliyejiita BTK aliua watu 10 katika eneo hilo kati ya mwaka 1974 na 1991, na baada ya kimya kirefu akaanza kuwaandikia tena polisi na vyombo vya habari. Aliwauliza polisi kama anaweza kutuma diski laini bila kufuatiliwa, nao wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba hakuna tabu. Februari 2005 diski ikafika katika kituo cha televisheni cha KSAS. Ndani yake mlikuwa na faili alilotaka lisomwe, lakini polisi walitafuta pia yaliyofutwa, wakapata waraka wa Word ambao taarifa zake za ndani zilitaja kanisa la Christ Lutheran na kwamba mtu wa mwisho kuuhifadhi alikuwa Dennis. Kupekua tovuti ya kanisa hilo kuliwapa jina la rais wa baraza lake, Dennis Rader, aliyekamatwa tarehe 25 Februari 2005. Kilichomponza si maneno aliyoyaandika kwenye waraka ule bali jina ambalo Word iliuandikia bila yeye kuliona.

Kwa sisi wa Afrika, suala hili huja kwa mlango wa mitumba. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na diski zake zilifika nazo. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002. Diski 129 zilifanya kazi, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki, na diski moja ilionekana ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski nchini Ghana kwa dola 40 na kukuta ndani yake nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya zana za kijeshi, na serikali ya Marekani. Mzigo huu hauji upande mmoja tu. Ofisi zetu nazo huuza kompyuta zake kwa mnada, na Kenya tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022 zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinazomtaka anayezishika taarifa za watu azilinde. Hospitali inayofuta mafaili ya wagonjwa, ikamwaga pipa la taka na kupeleka kompyuta mnadani, imefuta biti kadhaa za ramani na hakuna zaidi.

Kufomati nako kuna namna mbili zinazochanganywa. Fomati ya haraka hujenga jedwali jipya tupu na kuyaacha yaliyomo yote yalivyo. Ndiyo maana huisha kwa sekunde chache. Fomati kamili ya Windows, tangu Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na huchukua saa kadhaa. Muda, tena, ndio unaosema kweli: fomati iliyomalizika kabla chai haijapoa haikusafisha chochote kwenye diski ya sumaku.

Je, kuandika sifuri mara moja kunatosha? Imani kwamba lazima kurudiwe mara 35 ilitokana na makala ya mwaka 1996 ya Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliyeeleza jinsi alama dhaifu za sumaku za zamani zingeweza, kinadharia, kusomwa chini ya zile mpya. Mizunguko ile 35 ilikusudiwa kujumlisha namna zote za kugeuza data kuwa alama za sumaku kwenye diski za enzi zile, na Gutmann mwenyewe aliandika baadaye kwamba kuitekeleza yote kwenye diski za kisasa hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika toleo lake la mwaka 2014 unakubali kwamba kwa diski za sumaku mzunguko mmoja wa kuandika juu huzuia urejeshaji hata kwa vifaa vya maabara. Programu zinazouza mizunguko 7 au 35 zinauza utulivu wa moyo, na kuichosha diski.

Hadi hapa tumesema habari za diski ya sumaku. Kwenye SSD, ambayo ndiyo imo katika laptopu nyingi zinazouzwa leo, karibu kila kitu hugeuka, na nadhani hapa ndipo ushauri wa zamani unapoleta madhara zaidi.

SSD haina sahani. Data hukaa katika seli za umeme zilizopangwa kwa kurasa za kilobaiti chache, na kurasa hukusanywa katika mabloku makubwa. Ukurasa ulioandikwa hauwezi kuandikwa tena hadi usafishwe kwanza, na kusafisha hufanyika kwa bloku zima, si kwa ukurasa mmoja. Kila bloku pia lina idadi ya safari za kusafishwa ambazo linaweza kuzivumilia kabla halijachoka. Kwa sababu hizo kidhibiti, chipu inayoiendesha SSD kutoka ndani, hakiandiki mahali ambapo kompyuta inadhani kinaandika. Kompyuta ikisema andika kwenye klasta namba fulani, kidhibiti huandika kwenye ukurasa wowote ulio safi, na kutunza ramani yake ya siri inayolinganisha namba ya kompyuta na mahali halisi. Kompyuta haiioni ramani hiyo.

Mfumo wa faili ukifuta mkataba wetu kwenye SSD, biti zilezile 21 hugeuka, lakini safari hii kidhibiti kinahitaji kujua, kwa sababu vinginevyo kitaendelea kuhamisha huku na kule kurasa ambazo hakuna anayezihitaji. Ndiyo kazi ya amri iitwayo TRIM, ambayo Windows huituma yenyewe tangu Windows 7 ya mwaka 2009: inakiambia kidhibiti kwamba klasta hizi hazina mwenyewe tena. Kuanzia hapo SSD nyingi, zikiulizwa kilichomo kwenye klasta hizo, hujibu sifuri tupu hata kama seli zenyewe bado hazijasafishwa, na baadaye kidhibiti huzisafisha kwa wakati kinaoona unafaa. Kutoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta ya mchunguzi hakusaidii, maana usafi huo hufanywa na kidhibiti chenyewe mradi tu kina umeme. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, walieleza mwaka 2010 jinsi SSD waliyoifomati kwa haraka ilivyojisafisha ndani ya dakika chache bila kuamriwa na kompyuta. Aliyefuta picha za familia kwenye laptopu ya SSD na kumwaga pipa la taka, kwa kawaida, hana cha kurejesha. Fundi anayemwahidi vinginevyo kabla ya kuuliza aina ya diski hajui anachokisema.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kuandika juu ya faili kwa makusudi, dawa iliyotegemewa kwenye sahani za sumaku, hakufanyi kazi kwenye SSD. Programu inaagiza sifuri ziandikwe mahali pa mkataba. Kidhibiti huziandika sifuri hizo kwenye kurasa nyingine safi na kuuacha ukurasa wenye mkataba usubiri kusafishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mwaka 2011 mbinu mbalimbali za kufuta faili mojamoja kwa kuliandika juu, na kwenye SSD walizozipima kati ya asilimia 4 na 75 ya yaliyomo kwenye mafaili ilibaki kwenye chipu, kwa anayezitoa na kuzisoma moja kwa moja. Apple iliondoa chaguo la kumwaga pipa la taka kwa usalama kwenye kompyuta za Mac mwaka 2015, kwa kuwa haikuweza tena kuhakikisha kwamba linafanya linachokisema.

Kwa hiyo hali ni hii: kwenye SSD mwenye faili hulipoteza upesi kuliko alivyotaraji, ilhali mwenye maabara anaweza kulikuta mahali ambapo mwenyewe alidhani amelisugua. Flashi za kawaida na kadi za kumbukumbu ziko katikati, kwani hutumia seli zilezile lakini nyingi hazipokei TRIM, na hivyo mafaili yaliyofutwa humo mara nyingi hurejeshwa kama kwenye diski ya sumaku.

Njia inayofaa aina zote ni kusimba diski nzima tangu siku ya kwanza, kwa programu kama BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux. Kinachoandikwa kwenye sahani au seli kinakuwa data isiyosomeka bila ufunguo, na kufuta diski nzima kunakuwa kuuharibu ufunguo huo, kazi ya muda mfupi sana. Simu nyingi za kisasa hufanya hivyo zinaporudishwa kwenye hali ya kiwandani. Neno la muhimu ni siku ya kwanza. Anayewasha usimbaji baada ya miaka miwili ya kutumia SSD bila ulinzi anaweza kuacha mabaki yasiyosimbwa kwenye mabloku ya akiba ambayo kompyuta haiwezi kuyafikia. Kwake, na kwa anayeuza SSD isiyosimbwa, iko amri ya kusafisha diski iliyojengwa ndani ya kidhibiti, inayopatikana kupitia programu za watengenezaji au BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, kwa sababu kidhibiti pekee ndicho kinachoijua ramani yote.

Inabaki diski iliyokufa, ambayo haiwezi kuandikiwa sifuri wala kupokea amri. Kwenye diski ya sumaku kinachokufa mara nyingi ni bodi ya umeme au mota, na sahani zimebeba kila kitu. Mwenye kuogopa afungue kasha na kuziharibu sahani zenyewe, ambazo kwa laptopu nyingi ni za kioo na hupasuka, na kwa kompyuta za mezani kwa kawaida ni za alumini na huhitaji kukunjwa na kukwaruzwa. Mashine za sumaku kali zinazotumiwa kufuta diski hizo haziidhuru SSD hata kidogo, maana humo hakuna sumaku. SSD inahitaji kila chipu ya kumbukumbu ivunjwe moja baada ya nyingine, na kutoboa kasha kwa drili bila kulifungua hakuaminiki: kwenye SSD nyingi za inchi 2.5 bodi yenye chipu hushika sehemu tu ya kasha, na drili inaweza kupita upande ambao hauna kitu.